Punje Tano za Bashay

Baridi ya Mbulu nilikuwa nimeisikia kwa maneno tu. Mtu wa Tanga akiambiwa huko juu kuna baridi, hubeba shuka moja akajiona amejiandaa. Nilitoka Babati alfajiri moja ya Julai na shati la mikono mifupi, nimebanwa ndani ya Noah kati ya mama aliyebeba mtoto mgongoni na gunia lililonukia vitunguu saumu. Hatujafika Dareda, meno yakaanza kugongana. Yule mama akanitazama, akacheka kidogo, akanisukumia pembe ya shuka lake.

Pale Dareda barabara huanza kuupanda ukuta wa Bonde la Ufa. Gari liliunguruma, likakata kona, abiria wakanyamaza. Nyuma yetu, upande wa kushoto, Mlima Hanang ulikuwa umejifunika wingu hadi mabegani. Tulipofika Bashnet nchi ilikuwa nyingine kabisa: mashamba yamepanda vilima mpaka juu, nyumba zimetawanyika, kila moja na ng'ombe wake na mahindi yake. Kwetu pwani nyumba hubanana, jirani akikohoa unampa pole ukiwa ndani kwako. Huku nikajiuliza mtoto wa miaka mitano hutembea umbali gani kufika shule. Dongobesh nilishuka nikapanda bodaboda ya kwenda Bashay, nikamuuliza dereva.

"Inategemea na mvua, kaka," alijibu bila kugeuka. "Korongo likijaa, mtoto anabaki nyumbani."

Mwenyeji wangu nilisoma naye chuo cha ualimu. Mimi chaki ilinishinda mapema. Yeye, mzaliwa wa Mbulu, alirudi kwao akapewa darasa la awali, na kwa miaka mingi alinipigia simu: njoo uone vidudu vyangu. Enzi zetu shule ya watoto wadogo tuliiita hivyo, shule ya vidudu, na jina lenyewe linaonyesha tuliipa uzito gani. Nakiri kwamba hata nikiwa mwanachuo niliamini mwalimu wa vidudu ni mtu wa kuimbisha watoto na kuwafuta kamasi.

Darasani nilianza kuwahesabu watoto. Nilipofika 61 wakahama viti, nikaacha. Kiwango cha serikali ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja. Tangu Januari 2016, ada na michango ilipoondolewa, wazazi wengi waliitika, na vyumba havikuongezeka kwa kasi ya watoto. Sera ya Elimu ya mwaka 1995 ndiyo iliyoitambua elimu ya awali katika mfumo rasmi, na ile ya 2014 ikaufanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima. Lugha ya kufundishia ni Kiswahili. Kwenye karatasi hilo halina utata.

Mwalimu aliinua picha ya ng'ombe. "Hii ni nini?"

"Slee!" darasa zima likalipuka. Hiyo "sl" ya Kiiraqw, lugha ya nyumbani kwao, si s wala l. Hewa hupita pembeni mwa ulimi. Nilijaribu kwa sauti ya chini, mtoto wa mbele yangu akageuka kunitazama kama mtu aliyeona mbuzi anapiga mluzi.

Mwalimu hakusema "hapana". Alisema, "Ndiyo, slee. Na kwa Kiswahili? Ng'ombe." Wakarudia. Nikangoja aingie kwenye herufi, hakuingia. Asubuhi nzima ilikwenda hivyo, kutoka Kiiraqw kwenda Kiswahili na kurudi, kwa nyimbo, vizibo vya soda na vijiti.

Wakati wa mapumziko nikamwambia nilitarajia kuona watoto wakisoma a, e, i, o, u. Akaniuliza kama najua zamani ilikuwaje. Mtoto aliingia darasa la kwanza moja kwa moja akiwa na Kiiraqw peke yake, au Kidatoga, na mwalimu aliyetoka mbali hajui hata kusalimia. Mtoto anabanwa na mkojo, hajui kuomba ruhusa. Anajikojolea, wenzake wanamcheka. "Kesho yake unamwona na mbuzi," alisema. "Ukimuuliza baba yake, anakwambia huyu shule hazimwingii. Neno moja tu lilikosekana."

Nje, bibi mmoja alikuwa akikoroga uji kwenye sufuria kubwa. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu, una baridi wewe," akanipa kikombe kabla ya watoto. Unga ulikuwa wa mahindi waliyochanga wazazi. Mwaka ambao mavuno ni haba, mwalimu aliniambia, mahudhurio hushuka hata kama korongo ni kavu. Katika wilaya hiyohiyo, hospitali ya Haydom ilikuwa mojawapo ya vituo 8, kila kimoja katika nchi yake, vya utafiti ulioitwa MAL-ED, uliofuatilia watoto tangu wiki za kwanza za maisha: chakula chao, kuhara kwao, urefu wao, na jinsi akili zao zinavyokua. Kwa hiyo sitamcheka tena anayesema darasa la awali huanzia jikoni. Sufuria ile ilikuwa kifaa cha kufundishia sawa na vizibo.

Baada ya uji nikaketi chini ya mti na msichana mmoja mdogo aliyefungwa shuka la kijani shingoni. Asubuhi yote sikumsikia akitamka neno la Kiswahili. Mfukoni alikuwa na punje za mahindi. Akazipanga mchangani, akagusa moja moja: "Wak. Tsar. Tam. Tsiyahh. Kooan." Akanisubiri.

"Wak," nikasema. Hiyo ilipita. "Sari." Akatikisa kichwa. "Tisari." Wenzake wakakusanyika. Nina shahada, nimeandika Kiswahili maisha yangu yote, na nilikuwa nimekwama kwenye mbili. Masikio yakapata moto, nikatamani kengele ilie. Yeye hakucheka. Akaishika ile punje ya pili, akaiweka kiganjani mwangu, akakifunga kwa vidole vyake, akatamka tena polepole, akitazama mdomo wangu. Mara ya sita au ya saba akaachia vidole vyangu. Sijui kama nilipatia au alinionea huruma.

Kengele ikalia. Wenzake wakakimbia. Yeye akakusanya punje zake moja moja, akazihesabu kwa midomo bila sauti, akarudia kuhesabu. Kisha akasimama mbele yangu, akanyoosha mkono.

"Yangu," akasema.

Nikafungua kiganja.