Mchango Ufike Mpaka kwa Baba na Mama

Ndugu zangu wa Musoma, Bunda na Butiama,

Desemba huku Uingereza ni mwezi wa kutoa sadaka, na huko kwetu, shule zikishafungwa, ni mwezi ambao mabinti hutoroka usiku kukikwepa kisu cha ngariba. Ndipo maombi ya michango yanapotufikia, na wazo la haraka kwa mtoaji ni jengo: bweni jipya, vitanda, kibao getini chenye majina ya wafadhili. Jengo silipingi. Ninachosema ni kwamba shilingi inayomlinda mtoto kwa muda mrefu ni ile inayomfuata hadi kwa wazazi wake, na hiyo ndiyo shilingi ngumu kuipata.

Tazameni kazi ya Hope for Girls and Women Tanzania, shirika lililoanzishwa na Rhobi Samwelly, lenye nyumba salama Kiabakari wilayani Butiama na nyingine Mugumu, Serengeti. Kituo cha Jipe Moyo cha masista wa Kikatoliki mjini Musoma nacho kinabeba mzigo wa aina hiyo. Binti akifika hupokewa, hulishwa, hupewa pa kulala. Hiyo ndiyo sehemu inayopigwa picha. Msimu wa ukeketaji ukipita huanza kazi nyingine: wahudumu hufunga safari hadi kijijini pamoja na maafisa ustawi wa jamii na polisi, wakaketi na baba na mama, wakazungumza, na wazazi wakiridhia hutia saini ahadi kwamba mtoto wao hatakeketwa. Kikao kikivunjika, itabidi kurudi tena. Binti anayerejea nyumbani hufuatiliwa. Asiyeweza kurejea hubaki, akaendelea na shule au akajifunza cherehani. Mafuta ya gari, nauli, vocha za simu: hakuna hata kimoja hapo cha kubandikiwa kibao, na bila hivyo ahadi ile ni karatasi tu. Hata njia ya kumfikia binti ilihitaji kazi isiyoonekana. Tangu 2015, kupitia mradi wa Crowd2Map, wanaojitolea kutoka nchi nyingi wamekuwa wakichora vijiji na barabara za Tanzania kutokana na picha za setilaiti, mkoa wa Mara ukiwemo, ili gari la msaada lijue linaelekea wapi. Mtu aliye ughaibuni aweza kuifanya kazi hiyo bila kutoa senti.

Waingereza walikwisha kuipita njia ya majengo, tena kwa nguvu zao zote. Thomas Barnardo alifungua makao yake ya wavulana Stepney, mashariki mwa London, mwaka 1870. Alikusanya fedha kwa kuuza picha za watoto kabla na baada ya kupokewa: kwanza matambara, kisha usafi na kazi. Malalamiko dhidi yake yalipofikishwa mbele ya wasuluhishi mwaka 1877, ilibainika kwamba baadhi ya picha zilikuwa za kupangwa, na akakosolewa kwa hilo. Huruma yake ilikuwa ya kweli, ila picha ilimtaka mtoto asiye na kwao. Mashirika ya Uingereza, lake likiwamo, yalisafirisha maelfu ya watoto kwenda Kanada na Australia, na wengi walikuwa na mzazi aliye hai. Mwaka 2010 Waziri Mkuu Gordon Brown aliwaomba radhi. Leo Barnardo's imeyaacha makao yale ya zamani na inafanya kazi na familia na malezi ya kambo. Rwanda ilishika mwelekeo huo mwaka 2012, na Kenya ikaweka mkakati wa miaka kumi kuanzia 2022. Sioni sababu ya Mara kuanzia pale Stepney ilipoanzia.

Najua kuna atakayeuliza: mnamrudishaje mtoto kwenye nyumba aliyoikimbia? Swali ni zito. Asirudishwe kabla ya wazazi kukubali, na ambaye wazazi wake wamekataa katakata lazima awe na pa kuishi. Ndiyo maana nyumba salama hazina mbadala. Lakini fikirieni wadogo zake. Yeye yuko bwenini, wao wamebaki kwa baba yule yule na mila ile ile. Bweni limemwokoa mmoja. Mzazi aliyebadilika huwaokoa wote wanaomfuata binti huyo. Na mzazi habadiliki kwa mahubiri peke yake. Penye mila hiyo, binti aliyekeketwa huhesabiwa kuwa tayari kuolewa, na ndoa ni ng'ombe, nao ng'ombe ndio mahari ya kaka yake na akiba ya mwaka wa njaa. Bunda, kati ya ziwa na mbuga, pamba ikianguka bei au nyavu zikirudi tupu, mtoto aweza kuacha shule akaenda mwaloni kuanika dagaa. Anayetaka usawa kwa binti hawezi kulikwepa suala la kipato cha mama yake.

Sheria tunayo. Kumkeketa mtoto wa chini ya miaka 18 ni kosa tangu 1998. Hata hivyo tafiti za kitaifa za afya zilikuta asilimia 32 ya wanawake wa Mara wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa katika utafiti wa 2015/16, na asilimia 28 mwaka 2022, ilhali wastani wa nchi ulikuwa asilimia 8. Hesabu hiyo inawajumuisha waliokeketwa zamani, hivyo haiwezi kushuka ghafla. Bado pengo hilo linauma.

Wengine watasema hii ni kazi ya serikali, na nawaunga mkono. Sheria ya Mtoto ya 2009 imezipa serikali za mitaa wajibu wa kumlinda mtoto. Tena ni hapo Musoma, Novemba 1974, chama cha TANU kilipoazimia elimu ya msingi kwa kila mtoto. Shirika lisichukue nafasi ya halmashauri. Limsaidie afisa ustawi afike kijijini. Fedha za nje nazo hazina uhakika: Februari 2025 Uingereza ilitangaza kupunguza misaada hadi asilimia 0.3 ya pato lake ifikapo 2027, na mwaka huo huo Marekani ikaivunja USAID. Bweni linalongoja chakula kutoka ng'ambo hufunga milango wafadhili wakiondoka. Mama mwenye mtaji wa kuku au bustani hafungi.

Kwa hiyo mnapotuandalia bajeti, tuandikieni nauli za vikao vya usuluhishi, sare na michango ya chakula cha shule, mtaji wa akina mama, na gharama ya kuwatembelea mabinti waliorejea makwao kwa mwaka wa pili na wa tatu. Tutachangia hayo hata kama hamna picha ya kututumia.

Ndugu yenu wa ughaibuni