Lipimwe Neno, si Kundi la Msemaji



Imezuka desturi katika uandishi wa habari wa zama zetu: mtu akiteleza kwa neno moja, hasahihishwi, bali huondolewa. Na neno lenyewe halipimwi kwa ukweli wake, bali kwa kundi alilotoka msemaji.

Mwezi Juni 2020, Marekani ilikuwa katika ghadhabu baada ya polisi kumuua George Floyd mjini Minneapolis. Gazeti la New York Times lilichapisha makala ya Seneta Tom Cotton, aliyetaka wanajeshi wapelekwe mijini kuzima ghasia. Wafanyakazi wengi wa gazeti hilo walisema kuwa makala hayo yanawahatarisha wenzao weusi. Siku 4 baadaye James Bennet, mhariri wa kurasa za maoni, alijiuzulu. Wakati huo huo, mhariri mkuu wa gazeti la Philadelphia Inquirer, Stan Wischnowski, naye alijiuzulu kwa sababu ya kichwa cha habari kilichoonekana kuyalinganisha majengo na roho za watu weusi.

Hatuudharau uchungu wa waliolalamika. Sisi Waislamu twaijua ladha yake: mara ngapi uhalifu wa mtu mmoja umevishwa dini yetu nzima? Lakini hiyo ndiyo sababu ya sisi kuiogopa mizani hii. Mizani inayompima mtu kwa kundi lake, leo ikimtetea huyu, kesho itatuangukia sisi.

Wanazuoni wa hadithi walizitaja aibu za wapokezi waziwazi, lakini kwa ushahidi na kwa kadiri ya haja. Imam Bukhari aliipokea katika Sahihi yake riwaya ya Imran bin Hittan, ilhali alikuwa Khawarij, kundi alilotoka muuaji wa Sayyidna Ali (r.a.). Itikadi yake haikukubaliwa. Ukweli wa ulimi wake haukukanushwa.

Basi ikifika simuni habari ya kumfedhehesha mtu, tuikumbuke aya ya 6 ya Suratul Hujurat, inayotuamrisha uchunguzi. Mzazi amuulize mwanawe: alisema nini hasa, na mwenyewe amejibu nini? Aliyekosa na aambiwe kosa lake, kisha aachiwe njia ya kurejea. Jamii iliyofunga mlango wa toba haipati watu wema zaidi. Hupata watu wanaonyamaza kwa hofu.

Wabillahi tawfiq.