Udongo wa Babu Shambani kwa Bibi

Wazazi wengi wa mijini hudhani sayansi ni jambo la shule, na kwamba pasipo maabara mtoto hajifunzi kitu. Mimi sikubali. Chupa tatu za jemu, kijiko cha chumvi na subira ya siku mbili vyatosha. Ushahidi niliupata Garsen, kwa mama yangu mdogo, nilipowapeleka wanangu likizoni.

Mto Tana, mrefu kuliko yote nchini Kenya, hupita huko ukiwa na rangi ya chai ya maziwa. Wanangu, waliozoea maji ya mfereji, walitaka kujua ni nani aliyeyachafua. Sikuwajibu. Nilimwomba mvuvi mmoja atuchotee ndoo, kwani mto huo una mamba na si pahali pa mtoto kuinama.

Tulijaza chupa mbili. Ya kwanza tuliiacha ilivyo. Ya pili tuliitia chumvi tukakoroga. Zote tukaziweka mezani zisiguswe. Mchanga ulizama papo hapo. Lakini kesho yake chupa isiyo na chumvi ilikuwa ingali na ukungu, ilhali maji ya ile nyingine yalikuwa yameng'aa, tope limelala chini. Sababu ni kwamba chembe za mfinyanzi ni ndogo mno na husukumana, kwa hivyo huelea siku nyingi. Chumvi huzifanya zishikamane, ziwe nzito na kuzama. Ndivyo ilivyo pia huko Kipini, mto unapokutana na bahari: tope hutua, na kutua huko kumesaidia kuijenga delta.

Chupa ya tatu tuliitia konzi ya udongo wa shamba la bibi yao pamoja na maji, tukaitikisa kwa nguvu. Udongo ulijipanga kwa matabaka: mchanga chini, tope laini katikati, mfinyanzi juu.

"Baba, kumbe shamba la bibi limeletwa na mto?" akauliza kifungua mimba wangu. "Kutoka wapi?"

Nilimweleza kwamba hutoka miteremko ya Nyandarua na Mlima Kenya, ikiwemo Murang'a kwa babu yao mzaa mama.

"Basi bibi analima udongo wa babu!"

Mama mdogo hakucheka sana. "Maji yakija nalia, mwanangu, na yasipokuja nalia," aliniambia. Mafuriko ya 1997, 2018 na 2023 yalihamisha watu wengi katika sehemu hizo. Hata hivyo, maji yakipungua humwachia tope la kupandia mpunga, na tangu 1981 sehemu kubwa ya tope hilo hunaswa katika bwawa la Masinga. Babu naye huona shamba lake likipungua kila masika.

Ndugu mzazi, hata nyumbani mjini waweza kuwaonyesha wanao mwanzo wa safari hiyo. Kata chupa mbili za plastiki ubavuni, uzijaze udongo. Moja ipandikize nyasi, nyingine iache tupu. Ziinamishe kidogo, uzimwagie maji polepole, ukiyakinga kwa bilauri mdomoni. Yatokayo penye nyasi yatakuwa safi kuliko yale mengine. Mtoto akishaona hivyo, hatauliza tena kwa nini babu hupanda nyasi kwenye matuta. Haba na haba hujaza kibaba, na vivyo hivyo hukimaliza.