Kutoa kwa Furaha



Nataka kuwapa habari ya kosa langu mwenyewe, maana nadhani waalimu wenzangu wengi wamo katika hatari ya kosa lilo hilo.

Mwaka mmoja upepo wa masika uliezua paa la shule ya mtaa wetu, hapa katika milima ya Usambara. Tukahitaji bati upesi, kwa kuwa watoto walisomea chini ya mti, na mvua ilipokuja walirudi makwao. Basi mimi kwa bidii yangu nikaweka daftari. Kila Jumapili, baada ya ibada, nilisoma mbele ya watu wote jina la kila nyumba na kiasi ilichotoa. Na nyumba isiyotoa nayo niliisoma, kisha nikanyamaza kidogo. Nilidhani aibu itawafungua mikono.

Kweli, Jumapili mbili za kwanza fedha ziliingia. Jumapili ya tatu zikapungua, na viti vya nyuma vikawa vitupu. Wala hakuna aliyekaa uani kuamkiana kama ilivyo desturi yetu. Kila mtu alishika njia yake. Alikuwako mama mjane ambaye hakukosa kanisani hata siku za baridi kuu. Naye hakuja. Nikaenda kwake, nikamkuta akipura maharagwe. Nikamwuliza, "Mama, waumwa?"

Akajibu, "Siumwi, Mwalimu. Lakini mwaka huu sina fedha, wala sipendi jina langu lisomwe hali mkono wangu ni mtupu. Maharagwe haya ninayo, ila daftari lako halina mahali pa maharagwe."

Nikarudi nimetahayari sana. Usiku ule nikafungua Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 8 na ya 9, ambazo nimezifundisha mara nyingi. Mtume Paulo alikuwa akikusanya msaada kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Hakuwaamuru Wakorintho, bali aliwaonyesha mfano wa makanisa ya Makedonia, watu wenye dhiki, waliotoa kupita uwezo wao, tena wao wenyewe walimsihi awape nafasi ya kushiriki. Nikaona ya kuwa mimi nimewanyima watu wangu nafasi hiyo. Nilitafuta bati, nikapoteza ndugu.

Nikawakumbuka na wazee wetu. Wamisionari wa Betheli walifika Mlalo mwaka 1891. Hata walipoondolewa mwaka 1920, baada ya vita, waalimu na wazee wenyewe ndio waliolichunga kundi. Hapakuwa na mgeni wa kuwahimiza. Walifanya kwa moyo.

Jumapili iliyofuata nikaungama kosa langu mbele ya usharika, nikaliweka daftari kando. Tukatangaza sadaka ya mavuno: kila mtu alete alichopenda, au asilete. Siku ilipofika zikaja ndizi, mahindi, miwa na kuku. Mama mjane akaleta kibaba cha maharagwe, na mtoto mmoja akaleta yai moja. Baada ya ibada tukanadi vitu uani. Yai lile likanunuliwa, aliyelinunua akalirudisha linadiwe tena, na wa pili vivyo hivyo, na wa tatu, hata watu wakacheka mpaka machozi. Maharagwe nayo yakanunuliwa, yakarudishwa, yakapikwa, nasi tukala pamoja, jua likatuchwea pale pale.

Siwadanganyi: bati hazikutimia siku ile. Tuliezeka upande mmoja tu, na upande wa pili ukangoja mavuno mengine. Lakini viti vya nyuma vilijaa tena.

Waalimu wenzangu, tuwafundishe watu haja ya kazi, tuwape hesabu ya kila kilichopokewa, lakini tusipime mkono wa mtu mbele ya jirani zake. Nanyi wazazi, msimtie mtoto fedha mkononi mlangoni mwa kanisa tu. Mpeni kuku amlishe, na yai lipatikanapo, mwacheni achague mwenyewe. Atajifunza mapema neno ambalo mimi nilijifunza nikiwa mtu mzima: kutoa ni moyo, si utajiri.

Ni mimi ndugu yenu katika kazi ya Bwana.