Gari la Marehemu

Kitu cha kale kikichakaa huwagawa watu makundi mawili. Kundi la kwanza hutaka kirudishwe kama kilivyotoka mkononi mwa muundaji wake. Kundi la pili hutaka kigeuzwe ili kifanye kazi kuliko siku kilipozaliwa. Kila kundi hujiona lina mapenzi ya kweli, na kila moja hulishtaki jingine kwa dhuluma. Shauri la namna hiyo lilikaliwa katika ua wa nyumba moja huko Segese, kando ya barabara itokayo Kahama kwenda Bulyanhulu, na kilichogombewa kilikuwa Land Rover kuukuu.

Gari hilo lilinunuliwa katika miaka ya 1960 kwa fedha za pamba. Mwenyewe alikuwa mkulima. Alilitumia kupeleka pamba kwenye ghala la ushirika, wagonjwa hospitalini na maharusi kwa waume zao. Alipofariki, gari lilisimama chini ya mwembe miaka mingi. Magurudumu yakazama mchangani, na kuku wakataga juu ya kiti alichokalia. Mwanawe, mwalimu mstaafu, alipopokea kiinua mgongo aliazimia kulifufua. Kazi alimpa mtoto wa marehemu mdogo wake, fundi kijana aliyekuwa akitengeneza magari pamoja na mashine za makarasha yasagayo mawe ya dhahabu.

"Mwanangu," mwalimu alisema, "nataka lirudi lilivyokuwa. Injini iwe ile ile, kabureta ile ile, na kila kilichotoka Uingereza kiwe cha Uingereza. Mwacha asili ni mtumwa."

Kijana alisikiliza kwa adabu, kisha akajibu: "Baba mkubwa, injini hii hunywa petroli kama ng'ombe anywavyo maji wakati wa kiangazi, na vipuri vyake ni vya kutafuta mbali. Nipe ruhusa niitoe nitie ya dizeli ya Toyota. Gari litabeba viroba vya mawe kutoka mashimoni hadi kwenye karasha, nalo litajilisha lenyewe."

Maneno ya kijana hayakuwa ya kipuuzi. Katika Tanzania mabadiliko ya namna hiyo si mageni. Fundi huchonga bamba la chuma la kuunganisha injini ngeni na gia boksi ya zamani, huhamisha vishikio vya injini juu ya chesisi, hubadili rejeta na njia ya moshi. Kazi ikifanywa vizuri, gari hupata maisha ya pili. Ikifanywa vibaya, nguvu mpya huvunja gia za kale, na breki zilizopimiwa mwendo mdogo hushindwa mteremkoni.

Historia nayo ilimtetea kijana. Land Rover ilionyeshwa kwa ulimwengu mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948, ikiwa na bodi ya aluminiamu kwa kuwa chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Lakini gari la majaribio lililoitangulia, la mwaka 1947, lilijengwa juu ya chesisi ya Jeep ya Marekani. Basi hata mzazi wa ukoo ule alikuwa gari la mtu mwingine lililogeuzwa.

Huko Marekani kwenyewe ugomvi huu ni wa zamani. Tangu miaka ya 1930 vijana wa California walinunua Ford kuukuu kwa bei ndogo, wakaondoa madigadi na kila kisichohitajiwa, wakatia injini zenye nguvu zaidi, kisha wakashindana mbio juu ya ziwa kavu la Muroc. Wapendao magari ya kale waliona uharibifu mtupu. Hata hivyo, mwaka 1997 maonyesho ya Pebble Beach, ambayo watunzaji wa magari huyaheshimu mno, yaliyapa magari hayo daraja lao. Leo yako yanayotengenezwa upya kwa uaminifu mkubwa, si kama Ford ilivyoyaunda, bali kama vijana wale walivyoyageuza. Ugeuzaji wa jana umekuwa asili ya leo.

Hoja hizo hazikumshinda mwalimu, maana yeye hakuwa akitetea kiwanda. Alikuwa ameona mashamba yakigeuka mashimo, na vitu vingi vya nchi yake vikipimwa kwa gramu. Gari lile lilikuwa kitu pekee cha baba yake ambacho hakikuuzwa. Ndani yake mama yake alichukuliwa safari ya mwisho. Kulibebesha mawe, kwake, kulikuwa sawa na kumvika marehemu nguo za kibarua. Kijana naye alikuwa na watoto wa kusomesha. Kwake, gari lisilotembea lilikuwa kaburi linalokula fedha za walio hai. Wote wawili walikuwa na haki, na hapo ndipo penye uzito wa mashauri ya jamaa.

Siku ya kulifungua gari ilileta shahidi asiyetazamiwa. Kijana aliposugua matope chini, aliona springi za nyuma zimeongezwa mabapa yaliyokatwa kutoka lori la Bedford. Sakafu ya nyuma ilikuwa ya mbao za mninga. Rangi ya buluu, ambayo mwalimu aliikumbuka tangu utoto, ilikuwa imepakwa kwa brashi. Chini yake ilikuwako ya kijani.

Mwalimu alizishika mbao zile akanyamaza. Kisha alikumbuka usiku mmoja aliposhikilia taa ya chemli huku baba yake akizipima na kuzikata. Alikuwa ameomba gari la Uingereza, kumbe gari alilolipenda liliundwa Segese. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na baba yake alikuwa mmoja wa waundaji. Kama kijana angalitii amri ya kwanza neno kwa neno, angaling'oa mbao, angalikwangua buluu, na angalimfuta marehemu kwa jina la kumheshimu.

Mwaka 1964 wataalamu wa majengo ya kale walikutana Venice wakakubaliana kwamba mchango halali wa kila zama katika jengo uheshimiwe, na kwamba urudishaji ukome pale ambapo kubahatisha kunaanza. Walisema juu ya majengo, lakini neno lao laweza kukaa hata chini ya mwembe.

Mapatano yalikuwa haya. Springi, mbao na buluu zisiguswe. Breki zitengenezwe upya, kwa kuwa hakuna kumbukumbu inayostahili kuua mtu. Injini ya dizeli itiwe, lakini chesisi isikatwe. Vishikio vipya vifungwe kwa bolti, visichomelewe. Injini ya kale ipakwe mafuta, ifungwe turubai, na ikae ndani ya nyumba, ili atakayezaliwa baadaye na kuwa na rai nyingine asikute mlango umefungwa.

Mwalimu hakupata yote. Gari lilipowashwa, sauti iliyotoka haikuwa sauti iliyokuwa ikimwamsha alfajiri za msimu wa pamba, akaenda kusimama peke yake nyuma ya nyumba mpaka ikazimwa. Kijana naye hakupata yote, maana alikatazwa kupakia viroba kupita uzito wa gari. Lakini gari lilitoka chini ya mwembe.

Arudishaye na ageuzaye huulizana kila siku kitu kilikuwaje kilipokuwa kipya. Swali hilo ni dogo. Lililo kubwa ni hili: nani aliishi nacho, na nani bado anakihitaji? Anayewasahau wa kwanza huharibu urithi. Anayewasahau wa pili huuzika. Mikono iliyo katikati, ile iliyokata mbao kwa mwanga wa chemli, hupotea kwa urahisi katika njia zote mbili.