Mshono

Mkaguzi hakufungua hata boneti. Aliingiza kichwa dirishani, akagonga bomba lililopita juu ya kiti changu, akakwaruza rangi kwa ukucha, kisha akaniuliza, "Nani alikutengenezea hii keji?"

"Mjomba wangu."

"Mwambie aanze upya."

Kibandiko cha kuruhusiwa sikupata. Ilikuwa saa moja na robo asubuhi, ukungu bado umelalia mashamba ya chai ya Kiambu, na gari nililolijenga kwa miezi kumi na minne likasukumwa pembeni, karibu na mama aliyekuwa akiuza mandazi. Nilikaa pale siku nzima nikiwatazama wenzangu wakiachiliwa mmoja mmoja kupanda kilima kwenye lami iliyofungwa, kila mmoja akishindana na saa.

Gari lenyewe ni Corolla 100 ya mwaka 1994, nililolinunua likiwa limegongwa ubavuni. Niling'oa injini yake ya 5A-FE nikaweka 4A-GE ya valvu 20, ambayo kiwandani Japani ilitoka na nguvu za farasi 160. Injini iliingia kwa siku mbili kwa sababu ni za ukoo mmoja. Nyaya zilichukua wiki sita, na safari za Kirinyaga Road ambazo niliacha kuzihesabu. Nilitoa zulia, viti vya nyuma, redio, na ile lami ya kuzuia kelele iliyogandishwa sakafuni, ambayo hubanduliwa kwa patasi na matusi. Ukitaka kuanza mchezo huu, usianze na injini. Anza na breki, matairi, kiti na mikanda. Najua hutanisikia; mimi pia niliambiwa.

Keji aliichomelea Mjomba. Anatengeneza mageti Nakuru tangu kabla sijazaliwa, na sifa yake ni kukunja bomba. Analijaza mchanga mkavu, anaziba ncha kwa vigingi vya mti, analipasha moto mpaka liwe jekundu, kisha analivuta taratibu likizunguka. Mchanga hulizuia lisibonyee. Hakunitoza hata shilingi. Wakati akifanya kazi alinisimulia jinsi Joginder Singh alivyoshinda Safari Rally mwaka 1965 na ndugu yake Jaswant, ndani ya Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. "Mtu na ndugu yake," Mjomba alikuwa akirudia. "Unaona?"

Sasa niseme lile ambalo sikumwambia mkaguzi. Kanuni za FIA kuhusu keji nilikuwa nimezisoma. Bomba lisiwe na mshono. Livutwe likiwa baridi. Tao kuu liwe la milimita 45 lenye unene wa 2.5, au 50 lenye unene wa 2. Na likunjwe baridi, bila moto. Nilizisoma kwenye simu usiku wa kuamkia siku ile Mjomba alipowasha makaa. Bomba lake lilikuwa la mageti, lenye mshono kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilimshikia koleo nikanyamaza. Nilikuwa tayari kupinduka ndani ya kazi yake kuliko kumwambia kwamba haifai.

Nilirudi Nakuru jioni, gari likiwa juu ya trela.

"Umekuwa wa ngapi?" akauliza.

Nikamweleza. Hakujibu. Alileta grainda, akakata bomba katikati ya kona, akalisogeza kwenye taa. Upande wa nje wa kona chuma kilikuwa kimekonda. Upande wa ndani kimejikunja makunyanzi madogo ambayo rangi ilikuwa imeyafunika. Alipitisha kidole gumba humo kwa muda mrefu.

"Ulijua?"

"Nilijua, Mjomba."

"Na kama ungekufa, ningemwambia nini mama yako?"

Wiki mbili hakupokea simu zangu. Ya tatu alinipigia yeye, saa kumi na mbili asubuhi, akitaka nimsomee hiyo kanuni yote, polepole, kwa Kiswahili. Tulipata bomba sahihi Eneo la Viwandani, Nairobi, kwa bei iliyonifanya niuze rimu zangu nzuri. Kukunja tulilipia mashine ya haidroliki, naye akasimama kando mikono mfukoni. Lakini kuchomelea hakumwachia mtu. Kabla ya kugusa gari alichomelea vipande kumi na viwili vya majaribio, akavibana kwenye jiliwa na kuvipiga nyundo. Viwili vilipasuka. Akachomelea vingine.

Miezi minne baadaye tulirudi Kiambu pamoja. Mkaguzi ni yule yule. Aligonga, akapima kwa kaliba, akalala chini kuangalia miguu ya keji, akabandika kibandiko.

"Gonga tena," Mjomba akamwambia. Akagonga tena.

Kona ya tatu nilishika breki mapema mno, kwa woga, na ya tano nilichelewa. Nilikuwa wa 19 kati ya magari 23. Huko juu tulizuiwa kushuka mpaka gari la mwisho lipite, nikaona simu inaita.

"Imelia?" Alimaanisha keji, kwenye kona.

"Haijalia, Mjomba."

"Haya. Shuka polepole, chai inapoa."