Barua kutoka Stony Brook: Chumba cha Skrini 416



Nakuandikia kutoka Long Island, jimbo la New York. Baridi ya huku inapenya hadi mifupani. Asubuhi nilipanda treni Penn Station, jijini New York, nikabadilisha Huntington, na hapo upepo wa mvua ukaninyang'anya mwavuli na kuutupa relini. Mwendo ni wa saa mbili hivi. Nilishuka Stony Brook nimelowa chepechepe, nikakimbilia mgahawa mdogo na kuagiza begeli, ule mkate wa duara wenye tundu katikati, na ndani yai na jibini. Dola 6! Kwetu hiyo ni sahani ya pilau, kachumbari na soda juu yake. Lakini ilikuwa ya moto, na mama muuzaji akaniongezea chai bila kunidai. Mungu ambariki.

Kilichonileta huku ni Reality Deck, chumba cha Chuo Kikuu cha Stony Brook kilichozinduliwa mwaka 2012. Mwenyeji wangu, kijana wa shahada ya uzamivu, alinifungulia mlango, na mlango wenyewe ni kipande cha ukuta kilichobeba skrini! Ukishafungwa, pande zote nne ni picha tupu: skrini 416, kimo cha zaidi ya mita 3, jumla pikseli bilioni 1.5. Walipokijenga waliweka kompyuta 18, kila moja na kadi nne za michoro, na kila kadi ina uwezo wa kulisha skrini sita. Fremu za kiwandani walizivua ili mipaka kati ya skrini iwe myembamba. Kazi ngumu, aliniambia, ni kuzifanya kompyuta zote zibadili picha kwa wakati mmoja. Moja ikichelewa, picha inaonekana kukatika.

Akaniwekea picha ya jiji la Dubai. Nilisimama katikati nikaona jiji zima. Nikasogea hadi pua karibu iguse kioo, nikaanza kuhesabu madirisha. Hakuna kubofya wala kukuza, miguu yako ndiyo inayofanya kazi! Ndivyo mtafiti anavyoweza kuikagua picha ya setilaiti au ya skani ya mwili: anasogea kuona kidonda, anarudi nyuma kuona kiungo kizima. Na wenzake wamo humo humo, wanaoneshana kwa kidole na kubishana. Naipenda sana kelele hiyo ya watu wanaotazama kitu kimoja.

Alasiri mvua ilikatika, nikateremka kijijini karibu na bandari. Juu ya mlango wa posta yupo tai wa mbao, na kila saa inapotimia anapiga mabawa! Watoto walishangilia, nami nikashangilia nao, kisha nikajipasha joto kwa supu nzito ya kombe na viazi.

Msomaji wangu, si lazima vyuo vyetu vianze na skrini 416. Skrini nne kubwa, kompyuta nzuri na programu ya bure kama SAGE2, inayofunguka kwenye kivinjari cha kawaida, zinatosha kuwakutanisha watafiti mbele ya ramani moja ya mafuriko au ya malaria. Ukimfahamu mhadhiri wa jiografia au wa tiba, tafadhali mpe barua hii aisome.